Ukialikwa na Wayahudi: Sabato, Pasaka, Vibanda au Hanuka?

Mwanafunzi wa kilimo aliyepelekwa Israeli kwa mafunzo ya vitendo, muuguzi anayefanya kazi London, mkazi wa Nairobi mwenye jirani Myahudi: wote hawa huweza kuambiwa siku moja, "Karibu kwetu sikukuu." Tatizo ni kwamba sikukuu za Kiyahudi ni nyingi, na kila moja ina mambo yake. Uende lini? Na yule ambaye hajaalikwa bado, ila anatamani kuielewa dini hii kwa kuiona ikitendwa, aombe kukaribishwa lini?

Hapa nalinganisha nafasi nne ambazo mgeni asiye Myahudi huweza kuketishwa mezani: mlo wa Ijumaa jioni wa Sabato, usiku wa Sederi wa Pasaka, Sikukuu ya Vibanda, na Hanuka. Siku ya Upatanisho nimeitenga, na sababu nitaieleza mbele.

Nimechagua meza kwa makusudi. Imani ya msingi ya Kiyahudi inasemeka kwa maneno machache. Mungu ni mmoja: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja," maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4 yanayosomwa asubuhi na jioni, na yanayoandikwa kwenye kipande cha ngozi ndani ya mezuza, kile kikasha utakachokiona kimepigiliwa kwenye mwimo wa mlango unapoingia. Mungu huyo alifanya agano na Ibrahimu na uzao wake, akawatoa Misri, akawapa Torati mlimani Sinai. Baada ya hapo, sehemu kubwa ya dini ni matendo: unakula nini, unaacha kufanya nini, unamfundisha nini mtoto wako. Matendo hayo huonekana nyumbani kuliko mahali pengine popote.

Vigezo, na swali la kuuliza kwanza

Kila sikukuu nitaitazama kwa mambo yaleyale: imani inayobebwa, kinachofanyika mezani, muda unaohitajika, kinachotakiwa kwa mgeni, na inamfaa nani.

Lakini kuna swali linalotangulia yote: nyumba unayokwenda ni ya namna gani? Waorthodoksi wa Kiyahudi (usiwachanganye na Wakristo wa Kiorthodoksi) hushika sheria za dini kwa ukamilifu wake, hadi umeme na gari siku ya Sabato. Wakonsevativu huzishika sheria hizo lakini huzisoma kwa upana zaidi. Wareform huona sheria nyingi za ibada kuwa jambo la uamuzi wa mtu na dhamiri yake. Kisha kuna Wayahudi wengi wasio washika dini ambao bado hawaikosi Pasaka. Sikukuu moja katika nyumba mbili tofauti inaweza kukudai mambo tofauti kabisa, kwa hiyo muulize mwenyeji wako wazi: "Nyumbani kwenu mnashika vipi?" Hakuna atakayeudhika.

Mengine ni ya kote. Siku huanza jua likizama, kama Waswahili wa zamani walivyohesabu, kwa hiyo Sabato ni Ijumaa magharibi hadi Jumamosi usiku. Usipeleke chakula ulichopika mwenyewe kwenye nyumba inayoshika kosha, yaani sheria za Kiyahudi za vyakula, hata kama hakina nguruwe, kwa sababu sufuria na kisu vilivyotumika navyo vina sheria zake. Nyama na maziwa havichanganywi: ukishakula kuku au ng'ombe, usitegemee chai ya maziwa baada ya mlo, maana wapo wanaosubiri muda wa saa sita nzima kabla ya kugusa maziwa. Mwanamume atapewa kipa, kofia ndogo ya kuvaa kichwani. Na katika nyumba kali, mwanamume na mwanamke wasio ndugu hawapeani mikono. Subiri uone mwenyeji anafanyaje.

Ijumaa jioni: mlo wa Sabato

*Imani.* Torati inatoa sababu mbili za Sabato. Kutoka 20 inasema Mungu aliumba kwa siku sita, akapumzika ya saba. Kumbukumbu la Torati 5 inasema: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa amri inamtaja mtumwa, mjakazi, punda na mgeni aliye malangoni, na wote wapate kupumzika. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, inaorodhesha aina 39 za kazi zisizofanywa siku hiyo, kuanzia kupanda na kuvuna hadi kuandika na kuwasha moto.

*Mezani.* Mishumaa huwashwa kabla jua halijazama, kwa desturi ya wengi dakika 18 kabla. Mama wa nyumba hufunika macho kwa viganja akisoma baraka. Wimbo huimbwa wa kuwakaribisha malaika, kisha sifa za mke mwema kutoka Mithali 31. Wazazi huweka mikono juu ya kichwa cha kila mtoto: mvulana huombewa awe kama Efraimu na Manase, msichana kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Hata kijana mkubwa wa chuo huinamisha kichwa apate baraka yake. Baraka ya divai hufuata, halafu watu hunawa kwa kikombe chenye vishikio viwili na kukaa kimya mpaka mkate umegwe. Usianzishe mazungumzo hapo. Mezani kuna mikate miwili iliyosukwa iitwayo hala, imefunikwa kitambaa. Ni miwili kwa sababu mana ilishuka maradufu kila Ijumaa jangwani.

*Muda.* Jioni moja, na hurudi kila wiki. Ukikosa hii, ijayo ipo.

*Kwa mgeni.* Hapa ndipo nyumba ya Kiorthodoksi inapohitaji umakini. Ukitoka msalani usizime taa. Mkono wetu umezoea kuzima, lakini ukizima, wenyeji hawawezi kuiwasha tena, na kwa kawaida hawawezi hata kukuomba uiwashe. Choo kitabaki gizani hadi Jumamosi usiku. Taa za sebuleni zimetegeshwa zijizime zenyewe, na balbu ya friji imezimwa mapema ili mlango ukifunguliwa isiwake. Simu ibaki mfukoni, bila sauti. Panga usafiri wa kurudi kabla hujafika, na ikibidi kupiga simu, toka nje. Maua yafike kabla jua halijazama. Ukipeleka divai, iwe ya kosha na bado imezibwa, na mwachie mwenyeji aimimine mwenyewe, kwa sababu kuna sheria juu ya nani anaigusa.

*Inamfaa nani.* Mgeni wa mara ya kwanza ambaye anataka kuona maisha ya kawaida ya familia. Msabato atakuta mengi anayoyajua, kuanzia saa ya kuanza, na mengine yatakayomshangaza. Isiwe chaguo la mtu asiyeweza kukaa saa tatu bila simu.

Sederi: usiku wa Pasaka

*Imani.* Mungu aliwatoa watumwa Misri, na kila kizazi kinatakiwa kujiona kana kwamba chenyewe kilitoka. Hilo ndilo agizo la Hagada, kitabu kinachosomwa mezani usiku huo. Kwa hiyo Sederi si kumbukumbu tu ya babu zao. Mtu husema "tulikuwa watumwa", kwa nafsi yake.

*Mezani.* Hakuna usiku mwingine wa Kiyahudi wenye mambo mengi kiasi hiki, na kila kitu kina maana. Kuna matza tatu, mikate isiyotiwa chachu, iliyookwa ndani ya dakika 18 tangu unga ukutane na maji ili usipate nafasi ya kuchacha. Ya katikati huvunjwa, nusu hufichwa, na watoto huitafuta mwishoni mwa mlo na kudai zawadi ndipo waitoe. Kuna mboga zenye uchungu kwa ajili ya uchungu wa utumwa. Mboga ya kuchovya kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya machozi. Haroseti, mchanganyiko mtamu wa matunda, njugu na divai wenye rangi ya udongo wa matofali. Yai, na mfupa wa kukumbusha mwanakondoo. Vikombe vinne vya divai hunywewa kwa zamu, na wasiokunywa pombe hutumia juisi ya zabibu ya kosha, ambayo inakubalika kabisa.

Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayefungua simulizi kwa kuuliza: mbona usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Usiku wote ni jibu lake. Wakifika kwenye mapigo kumi, kila mtu huchovya kidole kwenye kikombe na kudondosha tone moja sahanini kwa kila pigo: damu, vyura, chawa, na kuendelea. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kikombe cha furaha hupunguzwa kwa sababu Wamisri nao walikufa. Baadaye mlango hufunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya, ambaye kikombe chake kimejazwa na kuachwa katikati ya meza, na mwisho wote husema, "Mwaka ujao Yerusalemu."

Kwa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, usiku huu una uzito wa pekee. Jumuiya yao ilianza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, na katika utawala wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Kampala ilipokombolewa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, tarehe ilikuwa 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo kalenda ya Kiyahudi ilikuwa inaingia Pasaka. Sijui jumuiya nyingine yenye sababu iliyo wazi hivyo ya kusema "tulitoka".

*Muda.* Machi au Aprili, usiku wa mwezi mpevu. Sederi hufanyika usiku mmoja Israeli na, kwa wengi, usiku mbili nje ya Israeli. Jiandae kukaa hadi usiku wa manane, na mlo wenyewe huja kwa kuchelewa. Kula kitu kidogo mchana.

*Kwa mgeni.* Usipeleke chochote cha kuliwa, hata biskuti ya dukani. Nyumba imesafishwa kwa siku nyingi, chachu imetafutwa kwa mshumaa usiku uliotangulia, na masalia yamechomwa asubuhi. Chapati, mandazi, mkate na bia vyote vimo kwenye katazo. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki huacha pia mchele, maharage na mahindi, kwa hiyo hata ugali wao hawali wiki hiyo. Wenye asili ya nchi za Kiarabu wengi wao hula mchele.

Msomaji wa Biblia atauliza juu ya Kutoka 12:48, pale mtu asiyetahiriwa anapokatazwa kuila Pasaka. Katazo hilo linahusu nyama ya sadaka, na sadaka zilikoma Hekalu lilipobomolewa mwaka 70. Kizuizi cha kweli katika nyumba kali ni kingine. Siku za sikukuu kupika kunaruhusiwa, tofauti na Sabato, lakini kwa mahitaji ya wanaowajibika kuishika sikukuu tu, na marabi waliogopa mwenyeji asije akaongeza chungu kwa ajili ya mgeni asiyewajibika. Ndiyo maana Mwothodoksi anaweza kukualika Ijumaa kwa moyo mmoja lakini asikualike Sederi. Usilichukulie kama dharau.

Na usigeuze meza yao kuwa mimbari. Mkristo ataikumbuka Karamu ya Mwisho, Mwislamu anayefunga Ashura atakumbuka kwa nini Musa anashukuriwa. Zote ni kumbukumbu za heshima. Lakini usiku huo umealikwa kusikiliza simulizi yao kama wanavyoisimulia wao. Ukipewa Hagada usome kifungu, soma. Ukiwa na swali, uliza, kwa maana Sederi imejengwa juu ya maswali.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeijua hadithi ya Musa na anataka kuiona ikipitishwa kwa watoto, na familia zenye watoto kwa jumla. Kwa imani iliyofungashwa mezani, hakuna inayoifikia. Kwa mtu anayechoka haraka au asiyemjua mwenyeji vizuri, ni mzigo.

Vibanda

*Imani.* Waisraeli walikaa vibandani jangwani miaka 40, wakiishi kwa ulinzi wa Mungu. Sikukuu hii huja wakati wa mavuno huko Israeli, Septemba au Oktoba, ghala zikiwa zimejaa, na ndipo mtu anaambiwa atoke kwenye nyumba yake imara akale chini ya matawi. Wakati wa Hekalu walitoa mafahali 70 katika siku zake, na Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, inasema ni kwa ajili ya mataifa 70 ya dunia. Zekaria 14 pia inayaona mataifa yakipanda Yerusalemu kuishika sikukuu hii. Kati ya zote nne, hii ndiyo inayoyatazama mataifa mengine waziwazi.

*Mezani.* Meza yenyewe iko nje, ndani ya sukka: kuta za aina yoyote, na paa la kitu kilichoota ardhini na kukatwa. Mtu wa pwani atafurahi kujua kwamba makuti mabichi yanafaa na mabati hayafai. Kivuli kizidi jua, lakini usiku ni vizuri nyota zionekane. Watoto hupamba kwa matunda na karatasi za rangi. Mchana, isipokuwa Sabato, hushikwa mimea minne ya Walawi 23:40 na kutikiswa pande zote: kuti changa la mtende, mihadasi, mierebi, na etrogi, tunda jamaa ya limau ambalo watu hulichagua kwa uangalifu mkubwa wakitafuta lisilo na doa. Kwa desturi familia huwakaribisha kwa maneno wageni saba wasioonekana, Ibrahimu akiwa wa kwanza.

*Muda.* Siku saba, na siku ya nane ya kufungia. Siku za mwanzo na za mwisho zina masharti yanayokaribia ya Sabato, lakini za katikati ni nyepesi: kupika, simu na safari vinaruhusiwa. Saa moja inatosha kwa ziara.

*Kwa mgeni.* Vaa nguo ya kukaa nje. Mvua ikinyesha hadi kuharibu chakula sahanini, sheria inaruhusu kuingia ndani, na Uingereza hilo hutokea sana.

*Inamfaa nani.* Mwenye watoto wadogo, mwenye haya, au anayetaka kumtembelea Mwothodoksi bila hofu ya kukosea. Aombe siku ya katikati.

Hanuka

*Imani.* Mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walilitakasa tena Hekalu baada ya mfalme Antioko wa Nne kulinajisi na kuipiga marufuku dini ya Wayahudi. Talmudi inasimulia kwamba mafuta ya siku moja yaliwaka siku nane. Hadithi ya vita haimo katika Biblia ya Kiebrania. Wakatoliki wanayo katika vitabu vya Wamakabayo, na Yohana 10:22 inaitaja sikukuu hiyo kama ya Kutabaruku.

*Mezani.* Taa moja usiku wa kwanza, mbili wa pili, hadi nane, zote zikiwashwa kwa mshumaa wa tisa. Huwekwa dirishani au mlangoni, wapita njia waone. Vinaliwa vitu vilivyokaangwa kwa mafuta: donati zenye jamu na chapati ndogo za viazi. Watoto hucheza kwa pia, kile kichezeo cha kuzungusha.

*Muda.* Mwishoni mwa Novemba au Desemba, usiku nane. Kuwasha taa ni dakika chache, na kazi za kawaida zinaruhusiwa, na kweli zinaendelea.

*Kwa mgeni.* Karibu hakuna sharti. Usiiite Krismasi ya Wayahudi. Kisheria ni sikukuu ndogo, na ukubwa wake Marekani umetokana na kukaa jirani na Krismasi.

*Inamfaa nani.* Mfanyakazi mwenye ratiba ngumu, na yule anayetaka kuanza kwa hatua ndogo. Anayetafuta kiini cha dini hii atahitaji kurudi siku nyingine.

Kwa nini si Siku ya Upatanisho

Ni siku takatifu kuliko zote za mwaka, na hakuna meza. Watu hufunga takribani saa 25 bila chakula wala maji, hawavai viatu vya ngozi, na hushinda sinagogini. Mgeni anaweza kuruhusiwa kuketi nyuma, na alasiri akasikia kitabu cha Yona kikisomwa chote. Lakini ni siku ya mtu na Mungu wake, na wenyeji hawana nguvu wala nafasi ya kukueleza. Iache mpaka uwe na rafiki humo ndani.

Basi uende lini?

Kama mwenyeji wako ni Mwothodoksi na hujawahi kukanyaga kwake, Ijumaa jioni au siku ya katikati ya Vibanda. Ya kwanza itakuonyesha nyumba yenyewe. Ya pili itakupa nafasi ya kuuliza bila saa kukubana.

Kama ni Mreform au Mkonsevativu na mmezoeana, pokea mwaliko wa Sederi ukija. Una watoto? Nenda nao, wapate kutafuta matza.

Kama unafanya kazi Israeli mashambani, huna haja ya kuchagua moja, kwa kuwa kalenda yote ya nchi inafuata sikukuu hizi na mabasi mengi husimama Sabato. Anza na Ijumaa ya wiki hii.

Kama hunywi divai, zote nne ziko wazi kwako. Mwambie mwenyeji mapema aweke juisi ya zabibu.

Kama uko Afrika Mashariki na humfahamu Myahudi yeyote, kuna sinagogi Nairobi karibu na Chuo Kikuu, na kuna Abayudaya wa kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale. Waandikie wiki kadhaa kabla, jitambulishe kwa jina na sababu, na uulize ni Sabato ipi ingewafaa kupokea mgeni. Beba kitambulisho, kwa sababu masinagogi mengi yana walinzi mlangoni. Ukifika Ijumaa, fika jua likiwa bado juu.